Ruhusa ya Chumba: Habari za Nyumba za Kupangisha Katika Mji wa Dar es Salaam

Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa malipo mawili. Mtu akiilipa serikali hulipa kodi. Akimlipa mwenye nyumba kwa ajili ya chumba alalacho, hulipa kodi vilevile. Mgeni ajifunzaye lugha hii yamkini atafikiri kwamba hapa pana upungufu wa maneno. Mimi naona kwamba hapa pana historia. Katika mji wa Dar es Salaam malipo hayo mawili yamefuatana kwa zaidi ya miaka mia moja, maana fedha aliyoitoa mpangaji ndiyo aghalabu iliyokwenda bomani kwa mkono wa mwenye nyumba. Neno chumba nalo lina habari yake. Kwa asili ya umbo lake ni nyumba iliyofanywa ndogo, na ndivyo kilivyo hasa kwa maelfu ya wakazi wa mji huo: nyumba nzima ya mtu imo ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Katika insha hii nataka kueleza habari za ruhusa. Mtu aliyetaka kujenga nyumba, akae humo mwenyewe na kupangisha vyumba vilivyobaki, alipaswa kumwomba nani? Aliulizwa nini? Na maswali hayo yaliigeuzaje nyumba yenyewe? Wako wanaosema kwamba nyumba za udongo za Kariakoo na Ilala zilikuwa hivyo kwa sababu wajenzi wake hawakujua wala hawakuweza zaidi. Umaskini ulikuwapo, hapana shaka. Lakini karatasi ilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hili kuliko inavyodhaniwa, na sehemu hiyo haikuandikwa vya kutosha.

Kwanza tuitazame nyumba. Mbele pana baraza, na katikati ya baraza mlango. Ukiingia wakutana na ukumbi mwembamba uendao moja kwa moja mpaka uani, na kila upande vyumba vitatu. Uani pana jiko, choo, kamba za kuanikia nguo, na penye nafasi mti mmoja wa kivuli. Kuta za zamani zilikuwa za fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, boriti zilikuwa za mikoko, na paa la makuti. Baada ya muda mapaa mengi yaliezekwa kwa madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyoshwa, na baadaye kwa mabati. Wataalamu huiita nyumba hii nyumba ya Kiswahili. Ubora wake kwa kupangisha ni wazi: kila chumba kina mlango wake ukumbini, hata mwenye nyumba hahitaji kuvunja ukuta wala kuongeza ngazi ili ampokee mpangaji. Yampasa kumpa ufunguo tu. Mwenyewe hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki huwa ndiyo shamba lake la mjini.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870 kazi ililegea. Wadachi walipouhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitoa mwaka uleule amri ya ujenzi. Maana ya amri hiyo ilikuwa kwamba sehemu ya mji iliyo karibu na bahari iwe ya majengo imara ya mtindo wa Ulaya, na vibanda vya wenyeji viwe mbali. Mwaka 1897 ikafuata kodi ya nyumba na vibanda katika nchi yote. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyokwenda pamoja: amri ya kwanza iliipima nyumba kwa ukuta wake, na ya pili iliigeuza nyumba hiyohiyo kuwa chombo cha kukusanyia fedha. Mtu aliyelazimishwa kupata fedha taslimu kwa sababu ya paa lililo juu yake alikuwa na sababu njema ya kutafuta mtu wa kulala chini ya paa hilo kwa malipo.

Mwaka 1914 Wadachi walitunga amri nyingine iliyougawa mji sehemu tatu, na walikuwa wamekwisha kununua ardhi upande wa magharibi ili wawahamishie Waafrika huko. Vita vikaingia kabla kazi haijatimia. Waingereza waliingia mjini Septemba 1916, wakawaweka wapagazi wao wa jeshi katika ardhi hiyo, na kutokana na jina la Kiingereza la jeshi lile la wapagazi wenyeji wakapata neno Kariakoo.

Hapa ndipo habari yetu inapokolea. Waingereza walirithi mpango wa sehemu tatu, lakini walikuwa na shida ambayo Wadachi hawakuwa nayo. Tanganyika haikuwa koloni lao hasa. Walikabidhiwa na Shirikisho la Mataifa, na katika hali hiyo haikufaa kuandika katika sheria kwamba Mzungu akae hapa, Mhindi hapa, na Mwafrika kule. Basi sheria haikutaja watu, ilitaja majengo. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kukaa za mtindo wa Ulaya. Sehemu ya pili ilikuwa ya maduka na makazi ya majengo imara. Sehemu ya tatu ilikuwa mahali ambapo nyumba za wenyeji ziliruhusiwa. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Kwa maneno ya sheria Mwafrika yeyote aliweza kukaa Uzunguni, maadamu alijenga nyumba ya kiwango cha Uzunguni. Ukuta ulifanywa useme neno ambalo kalamu iliona haya kuliandika.

Sasa mtazame mtu wa Kariakoo katika miaka ya 1930, atakaye kujenga nyumba ya vyumba sita. Alipewa kiwanja kwa ruhusa ya muda mfupi mfupi, akilipia ada ambayo watu waliiita kiwanja vilevile, kana kwamba ardhi na malipo yake ni kitu kimoja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeweka haki ya kumiliki ardhi kwa miaka mingi, hata kufikia miaka 99, lakini haki ya namna hiyo haikuwa ndiyo iliyogawiwa katika mitaa ya Waafrika. Mwenye ruhusa fupi alijua kwamba ardhi yaweza kutwaliwa, na kwamba atakapoondoshwa atahesabiwa thamani ya fito na madebe yake. Je, mtu mwenye akili angejenga mawe juu ya ruhusa kama ile? Na kama angetaka, angepata wapi fedha? Benki haikukubali kibanda kuwa rehani. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa tayari kumkopesha alikabiliwa na sheria ya mwaka 1931 iliyosema kwamba deni la Mwafrika kwa mtu asiyekuwa Mwafrika halidaiwi mahakamani bila ya kibali cha serikali. Watungaji walisema kwamba sheria hiyo ni ngao ya Mwafrika asinyang'anywe mali. Huenda waliamini hivyo. Lakini ngao hiyo ilimzuia pia asipate saruji.

Hivyo duara likafungika. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya udongo, ofisi iliiita ya muda. Kwa kuwa iliitwa ya muda, ilipewa karatasi ya muda. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ya muda, mwenyewe alijenga kwa udongo. Nyumba nyingi za muda za namna hii zilidumu kuliko serikali iliyoziita hivyo.

Ndani ya duara hilo, upangishaji wenyewe haukukatazwa. Hili ni jambo la ajabu kidogo, maana katika miji mingi ya ulimwengu ofisi huchukia hasa mpangaji, na huruhusu nyumba kwa sharti la kuwa ya jamaa moja. Dar es Salaam ilifanya kinyume. Serikali ilihitaji wafanya kazi wa bandari, wa reli na wa nyumbani, na haikutaka gharama ya kuwajengea. Zipo kota zilizojengwa na serikali, Ilala na Temeke, hasa baada ya Vita ya Pili, lakini hazikuwatosha watu. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta karibu watu 69,000 mjini. Ile ya 1957 ikakuta karibu 129,000. Ongezeko hilo liliingia zaidi katika vyumba vya nyumba za Kiswahili kuliko katika kota. Mwenye nyumba wa Kariakoo, ambaye hakupewa hati wala mkopo, ndiye aliyeifanyia serikali kazi yake ya kuwapa watu malazi.

Kanuni za miji zilikuwapo, na mkaguzi wa afya, ambaye watu walimwita Bwana Afya, alipita kutazama choo, dirisha, maji yaliyotuama na mbu. Kumcha huyu kulikuwa ndiyo sehemu kubwa ya kuifahamu ruhusa. Aliuliza habari za shimo na za hewa. Hakuuliza nani analala katika chumba cha tatu mkono wa kushoto, wala kama ana hakika ya kulala humo mwezi ujao.

Mpangaji alikuwa na ruhusa yake mbali, nayo ilikuwa ngumu zaidi. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa maofisa uwezo wa kuwaondosha mijini watu walioitwa wasiotakiwa, na kijana asiye na kazi aliweza kuhesabiwa miongoni mwao, akarudishwa kwao. Basi katika nyumba moja walikaa watu wawili wasio na uthabiti: mwenye nyumba ambaye ardhi si yake, na mpangaji ambaye mji si wake. Siwezi kuyafahamu maisha ya Kariakoo ya wakati ule bila ya kuliweka jambo hili mbele. Watu huusifu ule ujamaa wa uani, jinsi mpangaji alivyomwita mwenye nyumba baba au mama, akaozwa, akauguzwa na kuzikwa kutoka nyumba ile. Sifa hizo ni za haki. Lakini ujamaa huo ulikuwa pia ndiyo hati pekee waliyokuwa nayo wote wawili. Kesi za kodi zilikatwa barazani, kwa kuwa barazani palikuwa na mashahidi na ofisini hapakuwa na karatasi.

J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na 1957 na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963, aliwakuta wenye nyumba ambao aghalabu hawakuwa matajiri. Walio wengi walikuwa na nyumba moja tu. Nyumba hiyo ilikuwa pensheni yao: mtu alifanya kazi miaka mingi, akajenga chumba baada ya chumba, ili uzee umkute ana vyumba vinne vya kupangisha. Wanawake hawakuwa wachache miongoni mwao, na kwa mwanamke asiye na mume hapakuwa na njia nyingi za heshima za kupata riziki mjini zilizoizidi hii. Tukumbuke neno hili, kwa kuwa litarudi.

Uhuru ulikuja Desemba 1961. Sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo ilitungwa mwaka 1962, na mwaka uleule likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likaanza kubomoa nyumba mbovu na kujenga mpya. Nia ilikuwa njema, lakini kila nyumba mpya ilichukua mahali pa nyumba iliyobomolewa, na watu waliotoka mashambani hawakungoja. Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu karibu 273,000.

Ndipo swali la ruhusa likageuka ghafula. Zamani serikali iliuliza: ukuta ni wa nini? Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuliza: mwenye nyumba ni nani? Katika masharti ya uongozi liliwakataza viongozi wa chama na wa serikali kuwa na nyumba za kupangisha, na sharti hilo lilimhusu mume pamoja na mke. Hoja yake inafahamika. Anayekula kodi anakula jasho la mwingine, na kiongozi wa wafanya kazi hawezi kuwa mnyonyaji wao. Lakini hoja iliyowalenga wenye majumba makubwa ya mjini ilimgusa pia mtu aliyejenga ili asiwe ombaomba uzeeni. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi wa Dar es Salaam katika TANU katika miaka ya 1950, alikuwa miongoni mwa walioona uzito wa sharti hilo, na mwaka 1967 aliacha nafasi yake katika Kamati Kuu. Sihukumu hapa kati yake na Azimio. Nasema tu kwamba chama kilichokuzwa katika mabaraza ya nyumba zile kilikuwa sasa kinaziuliza nyumba zile swali ambalo hazikulitazamia. Na tuangalie maneno: sharti lilitaja nyumba, halikutaja chumba. Ndani ya nafasi hiyo ndogo wengi waliendelea kuishi.

Mwaka 1971 nafasi hiyo ikaandikwa waziwazi. Sheria ya kutwaa majumba iliyopitishwa mwezi Aprili iliyatwaa majengo yaliyopangishwa ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000, ikaiacha nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake. Waliopoteza wengi walikuwa watu wa asili ya Kihindi wenye maghorofa ya Uhindini na Upanga, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye jina lake bado latajwa na wazee wa mjini. Nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo au Magomeni haikuguswa. Ilikuwa na thamani ndogo mno, na mwenyewe alikuwa amelala chumba cha mbele. Yale mambo mawili ambayo utawala wa Kiingereza uliyafanya kuwa alama ya unyonge, yaani ukuta wa bei nafuu na mwenye nyumba anayebanana na wapangaji wake, ndiyo yaliyokuwa kinga mwaka 1971. Wenye hati ndefu za miaka 99 walipoteza, na wenye ruhusa fupi walibaki. Mwanahistoria atafutaye mfano wa jinsi sheria inavyozaa mambo asiyoyakusudia mtungaji, hana haja ya kwenda mbali.

Wakati huo ruhusa iliyokuwa na nguvu katika mitaa mipya haikutoka ofisi ya mipango miji. Tangu katikati ya miaka ya 1960 chama kilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi, na balozi ndiye aliyejua nani kahamia chumba gani. Mauzo ya viwanja visivyopimwa yaliandikwa mbele yake, na saini yake ilihesabika kuliko mhuri wa mbali. Manzese ilikua hivyo. Serikali ilipokubali mwaka 1974, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kupima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuiboresha Manzese badala ya kuibomoa, ilikuwa inakiri kwamba nyumba zile si za muda. Katika viwanja vilivyopimwa watu wengi walijenga tena nyumba ileile ya ukumbi wa kati, safari hii kwa matofali ya saruji. Walipopewa karatasi ndefu, ukuta ulibadilika. Ramani haikubadilika, kwa kuwa ramani ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Kilichoongezeka ni banda la uani. Mwenye nyumba apatapo fedha kidogo hujenga vyumba viwili au vitatu kando ya ukuta wa nyuma, na ua uliokuwa wa kuanikia na kupikia hupungua kila mwaka. Kwa sheria nyongeza hii yataka kibali cha ujenzi kutoka manispaa kama nyumba yenyewe: michoro, uthibitisho wa kiwanja, ukaguzi. Kwa kweli mengi ya mabanda hayo husimama kwanza, na kibali hufikiriwa mkaguzi apitapo. Sidhani kwamba huu ni ukaidi mtupu. Mtu ambaye babu yake alijenga kwa ruhusa ambayo haikumlinda, hajapata sababu ya kuamini kwamba ruhusa ndiyo ilindayo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilileta kitu kipya, nacho ni leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa wenye nyumba katika maeneo yasiyopimwa. Mwanzoni ilikuwa ya miaka miwili, baadaye mitano. Walioileta walitumaini kwamba mwenye leseni ataweza kukopa kwa nyumba yake. Yafaa tuseme kwamba kwa mara ya kwanza serikali ilimwandikia mwenye banda la fito jina lake juu ya ardhi yake. Yafaa pia tuone kwamba ni tena karatasi ya muda, na kwamba swali lake ni la tatu katika historia hii. Si ukuta wala si mwenyewe ni nani. Ni kiwanja hiki mpaka wake wapi. Chumba bado hakimo katika fomu. Mpangaji hana mahali pa kutia saini.

Mwaka 2022 hesabu ya watu ilikuta watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2021, kodi ya majengo ilianza kukatwa mtu anunuapo umeme, na kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini katika nyumba za vyumba vingi anayenunua umeme ni mpangaji, na manung'uniko yalisikika mara moja uani na bungeni. Wapangaji walitakiwa wapatane na wenye nyumba namna ya kurudishiana fedha. Kwa hiyo mpangaji wa Buguruni aliyebonyeza simu yake ili anunue umeme wa wiki alitoa kodi zote mbili kwa mkono mmoja, ile ya chumba na ile ya serikali, na risiti ikamrudia na namba ya mita ya mwenye nyumba.